Mkono Nilioona Haya Kuusoma

Asubuhi niliyoondoka Mwatate sikuwa na mpango wowote, na ninalisema hilo bila aibu, kwa sababu makosa yangu makubwa zaidi niliyafanya baadaye nikiwa na mpango. Lori la mkonge lilikuwa limesimama njia panda, dereva akitia maji kwenye rejeta. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema Mombasa. Nikamwambia nami nakwenda huko huko. Akauliza kwa nani. Nikasema nitajua nikifika. Akacheka, akanipandisha juu ya mizigo, nami nikaiacha Taita nikiwa nimelala chali, kijana aliyeacha shule darasa la saba, si kwa ujinga kama mwalimu alivyodai, bali kwa kutotulia. Maswali nilikuwa nayo mengi. Kilichonishinda ni kukaa kitini kungoja majibu.

Nimestaafu juzi tu, na ninyi mliobaki wodini mmeniomba niandike. Sitawasimulia vyeo, kwa kuwa sikupata, wala mshahara, kwa kuwa mnaujua. Nitawaeleza jinsi mtu mwenye nia njema, aliyesifiwa na wakubwa na kupendwa na wagonjwa, nusura ampeleke mwanamke kukatwa mguu usiostahili kukatwa, na jinsi muuguzi kijana nusura afukuzwe kazi kwa jambo tulilokuwa tukilifanya sote. Mtu huyo mwenye nia njema ni mimi. Natanguliza hilo msije mkamtafuta mwingine.

Lori lilinishusha Shimanzi, kwenye maghala, nikabeba magunia hadi nilipogundua kwamba gunia la kwanza na la mia halina tofauti yoyote ya kumfunza mtu. Nikahamia Ngome ya Yesu, nikawa nawatembeza wageni bila kibali na kuwaeleza historia niliyoitunga njiani. Siku moja nikamuuliza mzee mmoja wa Mji wa Kale, kwa haraka, "Mzee, mlango wa nyuma wa Ngome uko wapi?" Alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye kandambili. "Sabalkheri kwanza, mwanangu," akasema. "Ngome haihami." Nikajifunza kuamkia. Nikajifunza kuuliza hali ya mtu, na ya nyumbani, na ya watoto, kabla ya kuuliza kitu chochote. Kwa mtu wa kuja kama mimi, ilikuwa kama kuvalishwa kanzu mpya. Nilivimba kichwa nayo kweli.

Hospitalini niliingia kwa mkokoteni. Siku hiyo nilikuwa nimerudi Shimanzi kubeba kwa muda, na mwenzangu akabanwa vidole na mlango wa kontena. Nikampakia kwenye mkokoteni, nikamsukuma hadi lango la hospitali, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpokea, nikamsukuma hadi ndani. Matroni akatoka mbio kuja kunifokea. Akatazama jinsi nilivyoupindisha ule mkokoteni kwenye kona bila kugusa ukuta, akasahau kufoka. "Wewe unajua kusukuma," akasema. "Kesho uje." Nilikuja nikidhani nitakaa mpaka mwisho wa mwezi. Mwezi wenyewe haukutaja mwisho wake ni lini, na nilipokuja kushtuka nilikuwa nimeota mvi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shee, msukuma machela wa zamani, mtu wa Kuze huko Mji wa Kale, mwembamba kama mpini wa jembe. Machela yetu yalikuwa manne, na moja lilikuwa na gurudumu linalovuta kushoto. Wageni wote tulianzishwa nalo. Alinifundisha kwamba kwenye mteremko mgonjwa hutangulizwa miguu na kwenye mpando hutangulizwa kichwa. Kwamba kabla ya kupita mlangoni utazame vidole vyake viko wapi. Kwamba mtu anayepelekwa kupasuliwa haulizwi kama ana wasiwasi, kwa sababu kama hakuwa nao utampa. Na akanifundisha jambo lililonikaa kuliko yote: "Mwanamke wa watu humwiti jina lake ovyo, wala humshiki mkono. Mwite mama fulani. Na bendi yake usimfunulie weye. Mwite muuguzi wa kike aisome, kisha ndiyo muondoke."

Bendi, kwa msomaji asiye wa hospitali, ni ule ukanda mdogo wa plastiki unaofungwa mkononi, umeandikwa jina la mgonjwa na namba yake. Kwa mwanaume nilikuwa nikiishika na kuisoma. Kwa mwanamke aliyevaa buibui ilikuwa imefunikwa na mkono wa nguo. Kwa hiyo somo la Mzee Shee lilikuwa na nusu mbili: usifunue, na mwite wa kufunua. Mzee Shee alipostaafu, mimi nilirithi nusu ya kwanza.

Nawaeleza jinsi nilivyoipoteza nusu ya pili, kwa sababu hakuna aliyeniibia. Mara ya kwanza nilipoondoka bila kumwita muuguzi, moyo ulinidunda njia nzima. Wodi ilikuwa imejaa, muuguzi alikuwa peke yake akihangaika na dripu mbili, nami nilimjua mgonjwa. Hakuna kilichotokea. Mara ya pili moyo haukudunda sana. Baada ya mwezi haukudunda kabisa, nikawa mwepesi kuliko wasukuma machela wote. Madaktari wakaanza kuulizia, "Mwadime yuko zamu leo?" Jina langu likitajwa hivyo nilikuwa nikitembea kifua mbele kama jogoo wa Majengo. Nilijisifu kwamba naweza kumtoa mgonjwa wodini na kumfikisha thieta, chumba cha upasuaji, kabla chai yangu haijapoa. Nikawafundisha wapya namna ya kwenda haraka. Hakuna aliyeniuliza ule wepesi nautoa wapi, na mimi, mwenye maswali yote yale, sikujiuliza.

Mahali pekee mwendo wangu ulipokwama ni kwenye mstari mwekundu wa mlango wa thieta, alipokuwa akisimama Sista Zuhura. Yeye alikuwa na tabia ya kumuuliza kila mgonjwa jina lake na la babake na kilichomleta, hata kama ni mtu aliyempita asubuhi akamsalimu kwa jina. Tulimwita Mkaguzi wa Forodha. Tulikuwa tukimwigiza jikoni, "Una bidhaa gani ndani ya tumbo hilo?" na watu wanacheka mpaka wanamwaga chai. Mwigizaji hodari kuliko wote nadhani mmekwisha kumjua.

Basi siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Kwenye wodi ya wanawake zamu ilikuwa ya Nafula, muuguzi mwembamba mcheshi kutoka Bungoma, hajamaliza hata mwaka tangu aajiriwe. Kila mgonjwa anayekwenda thieta ana fomu yenye visanduku vya kutia alama: amefunga kula, meno ya bandia yametolewa, bendi imesomwa, na kadhalika. Fomu hizo zilitakiwa zijazwe mgonjwa anapoondoka, kando ya kitanda. Sisi tulizijaza zote alfajiri, juu ya meza, kwa mkupuo mmoja. Ninasema sisi ingawa kalamu haikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele mlangoni nikikuta haziko tayari. Nafula hakubuni mtindo huo, aliukuta, akafundishwa na waliomtangulia, tena kama tendo la wema: "Fanya hivi, usije ukahangaika."

Nikachukua fomu ya kwanza. Rukia fulani, kitanda cha nne, kukatwa mguu wa kushoto chini ya goti, donda la sukari. Nikaenda kitanda cha nne. Palikuwa na mama amejitanda buibui, mguu wa kushoto una bandeji. Jana yake nilikuwa nimemwona kijana aliyejitambulisha kama Salim akileta chakula upande ule, kwa hiyo nikaamkia kama nilivyofunzwa.

"Sabalkheri, Mama Salim."

"Sabalkheri, mwanangu. U mzima?"

"Alhamdulillahi. Waliolala nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Twenda?"

"Twende, mama."

"Haya. Mungu asahilishe."

Mnaona jinsi tulivyoheshimiana? Kila kitu kilisemwa isipokuwa jina lililoandikwa kwenye karatasi niliyoishika mkononi. Nilimsukuma kwa upole, nikavitazama vidole vyake mlangoni, nikamwambia pole kwenye kila kizingiti. Ulikuwa usukumaji mzuri kabisa wa mgonjwa asiyehusika.

Sista Zuhura akanizuia kwenye mstari. Nikapiga mluzi kidogo kuonyesha kwamba sina haraka, maana yake nina haraka.

"Sabalkheri, mamangu. Niambia jina lako na la babako."

"Mwanaidi Bakari."

Sista akaitazama fomu. Akakunja mkono wa buibui taratibu, akaisoma bendi. Hakunitazama mimi.

"Na Rukia n'nani?"

"Rukia ni yule mwenzangu, Mama Salim mkubwa. Na miye mwanangu ni Salim. Twaitana Mama Salim na Mama Salim, wodi nzima yacheka. Jana usiku nalimpa kitanda changu, kwani changu ki karibu na choo na yeye ni mkubwa wangu, mguu wamuuma."

"Na yeo umeletwa kufanywa n'ni?"

"Kuoshwa donda. Nalikanyaga msumari."

Kutoka ndani daktari, mikono imeshaoshwa na kuinuliwa juu, akaita, "Sista, tunangoja nini?"

"Twangoja mgonjwa, daktari."

"Si huyo hapo?"

"Huyu ni mgonjwa. Si mgonjwa wako."

Nilihisi miguu yangu mwenyewe, yote miwili, kama mtu aliyekumbushwa kwamba anayo. Sista akanirudishia fomu. "Mrudishe," akasema, basi. Nikamrudisha, nikamleta Rukia, naye akafanyiwa alichopaswa kufanyiwa. Saa nne tulikuwa jikoni tunacheka. Ndiyo, tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Nilisimulia jinsi Mkaguzi wa Forodha alivyokamata magendo. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yetu ya kila siku: jambo likikaribia kuua mtu na lisimuue, tunaligeuza kichekesho, na kichekesho kikishachekwa hakuna wa kukichunguza.

Sista Zuhura hakucheka. Aliandika kwenye kitabu cha matukio, ukurasa mzima. Kesho yake Nafula akapewa barua: aeleze kwa nini asifukuzwe kazi kwa kutia sahihi kwamba bendi imesomwa ilhali haikusomwa. Alitakiwa mbele ya kamati siku ya Ijumaa.

Mimi sikupewa barua. Nilingoja siku nzima. Kwa wakubwa, msukuma machela ni kama gurudumu. Gurudumu likienda vibaya huulizwa aliyelielekeza. Nakiri kwamba nilifarijika na kuudhika kwa wakati mmoja: nilifarijika kwa kuwa nimepona, na nikaudhika kwamba hata hatia hawakuona kama naiweza.

Nilimkuta Nafula ameketi kwenye ngazi za nyuma, barua ipo mapajani.

"Kaka Mwadime, nikuulize kitu. Wewe uliisoma bendi?"

"Sikuisoma."

"Huwa unasoma?"

"Za wanaume."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Basi mimi ndiye niliyetia sahihi. Yameisha. Mama yangu amewaambia watu wote kanisani kwamba mwanawe ni muuguzi Mombasa. Sasa nitarudi niwaambie nini?"

"Labda watakuonya tu."

"Wataonya nani? Wanataka mtu mmoja wa kumtoa nje, wafunge mlango, waseme hospitali imesafishwa. Kisha kesho alfajiri fomu zitajazwa juu ya meza ile ile." Akaikunja barua. "Na wewe utakuja kupiga kelele mlangoni."

Nikaenda wodini, kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine niliyetakiwa kumtazama usoni, na kusema kweli nilidhani huko kutakuwa na nafuu. Bi Mwanaidi alikuwa ameshaoshwa donda lake, amekaa kitandani anakula mahamri.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi. Juzi nilikuwa nakupeleka mahali pa Mama Salim mwenzako."

"Kufanywa n'ni?"

"Kukatwa mguu."

Alitafuna polepole mpaka akamaliza. "Yaani weye walikuwa wanipeleka nikatwe mguu, na njia nzima waniambia 'pole mama, pole mama'?"

"Ndiyo, mama."

"Na vidole vyangu ukavichunga visibanwe na mlango."

"Ndiyo, mama."

"Ama una heshima weye!" Akamgeukia jirani yake. "Msikizeni huyu. Ataka mguu, lakini vidole yuaviogopea." Wodi nzima ikacheka, na mimi nimesimama katikati kama ndoo iliyosahauliwa. Kisha akaacha kucheka. "Kwa nini hukusoma hiki kikanda cha mkononi?"

"Kilikuwa ndani ya buibui. Niliona haya kukufunua."

"Nani alikwambia unifunue? Miye nna mikono miwili. Ungesema, 'Mama, nionyesha bendi yako,' nikakuonyesha." Akautoa mkono, akaufunua hadi penye kifundo, akaunyoosha mbele yangu. "Soma. Kusoma si haramu."

Nikasoma. Mwanaidi Bakari. Maneno mawili tu. Mtu wa darasa la saba huyaweza bila msaada. Pale ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote ile haikuwa heshima iliyonizuia. Ilikuwa uvivu uliovaa kanzu ya heshima, na kwa kuwa kanzu ilikuwa safi, hakuna aliyeishuku, hata mwenye kuivaa.

"Na yule msichana wako mwembamba mbona yualia?" akauliza. Nikamweleza. Akasema, "Watamfukuza yeye, na weye utabaki kutusukuma?"

Ijumaa nilikwenda kwenye kamati bila kualikwa. Nilikuwa nimevaa shati jeupe nililoazima, kola imenibana, nikawa naonekana kama bwana harusi wa lazima. Mwenyekiti akasema kikao ni cha faragha. Nikaamkia wote, nikawauliza hali zao, na walipokuwa wakijibu kwa mazoea nikawa nimeshakaa. Hiyo ni faida moja ya adabu za Mombasa. Mtu hawezi kukutoa huku anakujibu salamu.

"Mimi ndiye niliyemsukuma yule mama," nikasema. "Sikusoma bendi yake. Tangu Mzee Shee astaafu, sijasoma bendi ya mwanamke hata mmoja katika hospitali hii."

Matroni, si yule wa zamani bali aliyemfuata, akashika kichwa. Mwenyekiti akaniuliza, "Unajua unachokisema?"

"Leo najua, bwana."

"Unataka kufukuzwa pamoja naye?"

"Sitaki. Wala yeye hataki. Lakini kama mnafukuza kwa kosa hili, mjiandae kusukuma wagonjwa ninyi wenyewe. Tafadhali, Matroni, nenda sasa hivi wodi zote. Kuna wagonjwa wa mchana hawajapelekwa. Tazama kama fomu zao hazijatiwa sahihi."

Nafula alikuwa akinitazama kwa hofu, kama mtu anayemwona jirani akizima moto kwa mafuta. Matroni akatoka. Mwenyekiti akawa anapanga kalamu zake. Matroni aliporudi alikuwa na fomu mkononi kama karata, akaziweka mezani moja moja. Zote zilikuwa zimetiwa sahihi. Wagonjwa wenyewe walikuwa bado wamelala, na mmoja alikuwa ametoka nje kuota jua. Ya mwisho ilikuwa na sahihi ya muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume, mtu wa kamati, aliyekuwa ameketi pale pale mkabala na Nafula.

Yule daktari wa upasuaji alikuwepo pia. Alikohoa, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye anatakiwa awatembelee wagonjwa wodini na kuuchora kwa kalamu mguu unaohusika kabla ya kuja thieta, na kwamba ana miaka hajafanya hivyo, kwa sababu hajawahi kukosea mguu. Sista Zuhura, aliyekuwa amekaa pembeni, akamwambia, "Hujakosea kwani miye husimama mlangoni, daktari. Na miye Ijumaa ijayo niko likizo."

Hakuna aliyecheka. Nafula hakufukuzwa. Alionywa, kama nilivyoonywa mimi, kwa barua niliyoitunza kuliko cheti chochote, kwa kuwa ndiyo karatasi pekee ya hospitali iliyowahi kunihesabu kama mtu anayefikiri.

Kilichofuata hakikuwa cha ajabu, na ndiyo sababu kilifanya kazi. Fomu ziliondolewa mezani zikafungwa kwenye machela yenyewe, kalamu imefungwa kwa uzi, ili asiweze mtu kutia sahihi bila kuwa na mgonjwa mbele yake. Alfajiri wodi ya wanawake ikaongezewa muuguzi wa pili, maana kumlaumu mtu kwa kwenda njia ya mkato huku njia kuu umeiziba ni kejeli. Wanawake waliombwa, "Nionyeshe bendi yako, mama," na kwa miaka yote iliyobaki sikumpata hata mmoja aliyekataa. Wengi walitoa mkono kabla sijamaliza salamu. Na sifa za mwendo wangu zikafa kifo cha kawaida: chai yangu ikawa inapoa kila siku.

Ningependa mniamini katika jambo moja, ingawa limetoka kwa mtu asiye na cheti. Kuna mtu anayeteleza: mkono umechoka, jicho limepita. Huyo mpe pole na urekebishe sakafu. Kuna jeuri anayejua atamuumiza mwenzake na hajali. Huyo sikumwona zaidi ya mara moja au mbili, na aliondolewa kwa haki. Sisi wengine wote tuko katikati. Tunapita njia ya mkato kwa sababu jana tulipita tukafika, na kwa sababu waliotuona walitusifu. Anayevisha sindano kifuniko chake kwa mikono miwili badala ya kuitupa kwenye sanduku, anayevaa glavu zile zile kutoka kitanda hiki hadi kile, aliyeshusha barakoa kidevuni wakati wa corona kwa kuwa joto la Mombasa halina adabu: hakuna kati yao anayeamka akisema leo nitamdhuru mtu. Ukimngojea adhuru ndipo umwadhibu, umechelewa mara mbili. Mwambie mapema, mwambie yeye, na umwambie ukiwa karibu naye kiasi cha kutosikiwa na wengine. Na kabla ya kumwambia, muulize kwa nini anapita pale. Mara nyingi utakuta sanduku la sindano liko chumba cha pili.

Mimi nilichelewa kujifunza kumwambia mwenzangu, na nikachelewa zaidi kujifunza kuambiwa. Wiki ya kwanza baada ya kamati Nafula alinishika nikipita na machela bila kuinua vizuizi vya pembeni. "Kaka, vyuma," akasema. Nilikasirika siku mbili.

Nafula sasa ni msimamizi wa kituo kidogo cha afya upande wa Kwale, ndani huko, nje ya lami. Nilipostaafu alinipigia simu. "Njoo ukae na watu wangu kidogo," akasema, "uwasimulie ulivyotaka kumkata mama wa watu mguu." Nikafunga mkoba. Nimeishi kisiwani miaka mingi mno kwa mtu aliyekuja mpaka mwisho wa mwezi.

Nilifika adhuhuri, vumbi hadi kwenye nyusi. Nafula alikuwa na mgonjwa, akanipungia mkono kutoka dirishani nimngoje. Mimi, mgeni mwalikwa, mtaalamu aliyekuja kufundisha, sikungoja. Niliingia wodini moja kwa moja na kumwendea mzee aliyelala kitanda cha kwanza, nimeshanyoosha mkono kumwamkia. Fagio likanizuia kifuani. Lilikuwa limeshikwa na mama mmoja wa usafi, mfupi, leso imefungwa kichwani.

"Shikamoo baba. Hujanawa."

"Marahaba. Mimi ni mgeni wa Sista."

"Sista hunawa."

Niligeuka. Nafula alikuwa amefika mlangoni, amesikia yote, na hakunitetea hata kwa kope. Alinionyesha bomba kwa kidevu. Nikanawa, hadi kwenye viwiko, huku yule mzee kitandani akitabasamu na wodi yote ikinitazama kama sinema. Nilipomaliza yule mama alikagua mikono yangu, pande zote mbili, akaondoa fagio.

Ni yeye aliyenipeleka kwenye chumba changu, nyuma ya jiko la kituo: kitanda cha kamba, chandarua, ndoo ya maji, dirisha linaloangalia mihogo. Akaning'iniza funguo kwenye msumari, akasimama mlangoni kama mwenye neno.

"Baba, usinichukie kwa lile la fagio."

"Sikuchukii. Nitanuna kidogo, mpaka kesho kutwa."

"Haya." Akafikiri. "Na mimi ukiniona nakosea uniambie. Usiende kunicheka jikoni."

Nikaweka mkoba chini, nikamuuliza jina lake.